Jinsi ya kuangalia masalia ya nyota zilizolipuka kwa infraredi, hata kama huna darubini

Watu wengi wakikutana na picha ya masalia ya nyota iliyolipuka wanaiangalia, wanasema nzuri, wanapita. Leo nataka usiishie hapo. Nataka ukae na hiyo picha, uigawe vipande vipande, afu kila kinachong'aa ukiulize swali moja tu: we unang'aa kwa sababu gani? Kwenye infraredi, yaani mwanga wenye mawimbi marefu kuliko mwekundu ambao macho hayauoni, majibu huwa matatu, ni vumbi lililopashwa moto, au ni gesi inayotoa mwanga wa elementi fulani, au ni elektroni zinazozunguka kwenye sumaku kwa spidi ya karibu na mwanga. Ukiweza kuyatofautisha hayo matatu umeshamaliza nusu ya kazi, na habari njema ni kwamba data zote za kufanyia hivyo zipo wazi, bure, unachohitaji ni kompyuta na intaneti tu.

Kwanza tuelewane kwa nini infraredi. Nyota kubwa ikilipuka inatawanya oksijeni, silikoni, salfa, chuma na vingine kibao, na baadhi ya hivyo vikipoa vinagandana vinakuwa vumbi. Hilo vumbi ni baridi sana kwa macho yetu, halitoi mwanga wa kuonekana hata chembe, lakini kila kitu chenye joto kinatoa mionzi, na kuna hesabu nyepesi ya kuikariri: chukua 2898 gawanya kwa joto la kitu kwa kelvini (nyuzi za Selsiasi ukijumlisha 273), unapata urefu wa wimbi, kwa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita), ambao kitu hicho kinang'aa zaidi. Vumbi la kelvini 100 linakupa kama mikroni 29. Vumbi la kelvini 30, karibu mikroni 97. Sasa jipime na mwenyewe, mwili wako uko kama kelvini 310, kwa hiyo unang'aa kwenye mikroni 9 hivi, na darubini yako nayo hivyo hivyo, na hewa iliyo juu yako vilevile. Hapa ndo shida ilipo. Kuangalia mikroni 10 au 20 ukiwa chini hapa duniani ni sawa na kutafuta mshumaa huku darubini yenyewe inawaka taa, afu juu yake mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi vinameza sehemu kubwa ya infraredi, vinaacha madirisha machache tu.

Ndo maana kazi hii ilihamia juu, kwenye darubini za angani. IRAS ilipiga ramani ya anga 1983, Spitzer ikarushwa 2003 ikafanya kazi mpaka Januari 2020, Herschel yenye kioo cha mita 3.5 ilifanya kazi 2009 mpaka 2013 kwenye mawimbi marefu kabisa, WISE ikarushwa Desemba 2009 ikapiga anga lote, na James Webb ikaondoka tarehe 25 Desemba 2021 na kioo cha mita 6.5. Kulikuwa pia na SOFIA, darubini iliyofungwa ndani ya ndege ya Boeing 747, ilikuwa inapanda juu ya karibu mvuke wote wa maji, safari zake ziliisha 2022. Picha za hizi zote zimehifadhiwa na zinapatikana.

Sasa tuanze. Fungua Aladin Lite kwenye brauza, hii inatengenezwa na kituo cha data za anga kilichopo Strasbourg, Ufaransa, haihitaji kuinstall chochote. Kwenye sehemu ya kutafutia andika Cas A, kifupi cha Kasiopeia A, masalia ya nyota iliyolipuka. Nakushauri uanze na hii na sio nyingine, kwa sababu ni changa (mwanga wa mlipuko wake ulifika kwetu kwenye miaka ya 1600 mwishoni, kama 1680 hivi), iko karibu kiasi, miaka nuru 11,000, na ina aina zote tatu za mwanga nilizozitaja mahali pamoja. Ukubwa wake angani ni kama dakika 5 za digrii. Usichanganye na dakika za saa, digrii moja ina dakika 60 na dakika ina sekunde 60, mwezi mpevu una kama dakika 30, kwa hiyo Cas A ni kama moja ya sita ya upana wa mwezi.

Anza na ramani ya mwanga wa kawaida, ile ya DSS. Utaona nyota nyingi na vinyuzi vichache vilivyofifia, utasema hamna kitu. Kaa nayo hivyo hivyo sekunde kadhaa, ujue macho yanaona nini. Afu badilisha ramani, weka AllWISE (ramani za ile darubini ya WISE) ya mikroni 22, yaani bendi, kipande cha mawimbi, kinachoitwa W4. Hapo hapo litatokea dude linang'aa kuliko kila kitu kilicho jirani. Hilo ni vumbi. Rudi mikroni 3.4, bendi ya W1: nyota zinarudi kwa wingi, masalia yanafifia. Fanya hivyo mara tano sita, nenda rudi, mpaka uzoee kuwa nyota zinang'aa kwenye mawimbi mafupi na vumbi linang'aa kwenye marefu, kwa sababu ukishalizoea hilo huwezi tena kudanganywa na rangi ya picha. Rangi za infraredi ni za kupachikwa. Kwenye picha ya rangi ya AllWISE wameipa mikroni 22 nyekundu, 4.6 kijani na 3.4 bluu, lakini kwenye picha nyingine utakuta mpangilio mwingine kabisa, kwa hiyo kabla hujasema "ile sehemu nyekundu ni vumbi" soma kwanza nyekundu ni mikroni ngapi. Watu wengi wanakosea hapa, na mimi nilikosea hapa muda mrefu, nikawa nalinganisha picha mbili kwa rangi wakati hazikuwa na bendi hata moja ya kufanana.

Ukishatosheka na hiyo nenda Tycho, iliyolipuka 1572, kwenye kundinyota hilohilo la Kasiopeia, hata mbali sio. Weka tena mikroni 22. Utaona duara, mviringo safi kabisa. Hapa sasa fikiria, kwa nini Cas A imevurugika vurugika ndani na hii iko kama ganda? Tycho ilikuwa mlipuko wa nyota ndogo nyeupe, aina ya Ia, na vumbi linalong'aa pale kwa sehemu kubwa ni vumbi la angani lililokuwepo tangu zamani, wimbi la mshtuko limelikuta njiani likalipasha. Kwenye Cas A kuna vumbi lililozaliwa ndani ya mlipuko wenyewe. Mwanga uleule wa infraredi, hadithi mbili tofauti, na umezigundua kwa kubadilisha ramani tu.

Ya tatu weka IC 443, masalia mengine, kwenye kundinyota la Mapacha, hii ni kubwa, kama dakika 45, kwa hiyo rudisha picha nyuma mpaka iingie yote. Hii mi naipenda kuliko zote kwa kufundishia. Upande wa kaskazini wimbi la mshtuko linakwenda kama kilomita 100 kwa sekunde, linavunja atomi, unapata gesi ya chuma, neoni, silikoni, oksijeni, inaonekana kama shuka jembamba. Upande wa kusini wimbi limegonga wingu zito likapunguzwa mpaka kama kilomita 30 kwa sekunde, halina nguvu ya kuvunja molekuli za hidrojeni, linazitetemesha tu, zinang'aa, zinaonekana kama mabonge na mafundo. Kwenye picha ya rangi ya WISE pande hizi mbili zina rangi tofauti kabisa. Hiyo tofauti ya rangi ni tofauti ya spidi.

Sasa tuingie kwenye faili zenyewe, maana kwenye brauza unaona picha iliyoshapikwa. Kwa WISE, Spitzer na IRAS nenda hifadhi ya IRSA iliyopo Caltech, kwa James Webb nenda MAST. Andika jina la kitu, chagua chombo, pakua faili la FITS, aina ya faili ambalo wanaastronomia wanahifadhia picha na vipimo vyake. Ukitafuta Cas A kwa James Webb utakutana na programu (mradi wa uchunguzi) namba 1947, ndiyo iliyopiga zile picha za 2023, na faili unalolitaka linaishia na _i2d.fits, hilo ndo picha iliyounganishwa tayari. Mengine achana nayo kwa sasa, ni mengi na ni mazito, yatakujazia diski bure.

Kufungua FITS tumia DS9, programu ya kompyuta, ni ya bure. Ukifungua mara ya kwanza utaona weusi mtupu na vidoti vichache vyeupe, usihangaike kulipakua upya, faili ni zima. Nyota moja kali imevuta skeli yote kwake. Badilisha skeli, yaani mpangilio wa mwangaza, iwe ya logi au tumia ile iitwayo zscale, picha inaibuka. Afu fungua fremu ya pili na bendi nyingine, ziambie zilingane kwa koodineti za anga, na tumia blinki kuzibadilisha moja baada ya nyingine. Blinki ndo kifaa chenye thamani kuliko vyote kwenye hii kazi, kuliko hata picha ya rangi, kwa sababu jicho la binadamu linakamata haraka sana kitu kilichotokea au kilichopotea.

Hizi ndo bendi za kujifunza kwenye MIRI, kamera ya Webb ya mawimbi marefu, ukiwa na Cas A, na hapa nitakaa kidogo maana ndo penye utamu. F560W, mikroni 5.6, kwa sehemu kubwa inaonyesha mwanga wa sinkrotroni, yaani zile elektroni kwenye sumaku, na ndo maana inafanana na ramani iliyopigwa kwa mawimbi ya redio. F770W inakamata argoni, ambayo mstari wake (wimbi maalumu ambalo elementi hung'aa) uko mikroni 6.99. F1280W inakamata neoni ya mikroni 12.8. F2100W ni vumbi, na vumbi la Cas A lina tabia ya ajabu, spektra yake (mwanga wake ukigawanywa kwa urefu wa wimbi) ina nundu kwenye mikroni 21, nundu inayohusishwa na chembe za silikati zilizozaliwa humo humo ndani. F2550W ina mchanganyiko, vumbi pamoja na oksijeni ya mikroni 25.9 na chuma ya mikroni 26, kwa hiyo hiyo usiiamini peke yake. Sasa piga blinki kati ya 7.7 na 21. Sehemu zinazong'aa kwenye zote mbili ni mahali ambapo argoni na vumbi viko pamoja, maana yake vumbi limetoka kwenye matumbo ya nyota yenyewe, kwenye tabaka lile ambalo oksijeni na silikoni zilikuwa zinapikwa. Hapo unashuhudia udongo wa sayari za kesho unatengenezwa, na umeliona kwa mkono wako mwenyewe, hakuna aliyekusimulia.

Katikati ya Cas A kwenye picha za MIRI utaona pia utando wenye vitobo vya duara, watafiti wameubatiza Zimwi la Kijani. Sasa inafahamika kuwa ni gesi na vumbi ambavyo nyota ilivitema kabla haijalipuka, viko mbele ya masalia upande wetu, na vitobo vimepigwa na vipande vya mlipuko vilivyopita kwa kasi. Ukifungua picha za NIRCam, kamera nyingine ya Webb ya mawimbi mafupi, huo utando rangi yake haipo tena ila vitobo bado utaviona vimezungukwa na duara hafifu. Jaribu kuvitafuta kwanza kabla hujasoma mahali vilipo.

Tuje kwenye kudanganyika, maana anga limejaa vitu vya mviringo. Kosa kubwa kuliko yote ni kuchukua wingu linalozaa nyota ukadhani ni masalia. Dawa yake ni kulinganisha bendi tatu. Wingu la kuzaa nyota linang'aa sana kwenye mikroni 8 pembezoni, sababu kuna molekuli za kaboni zinazofanana na masizi, zinapigwa na mwanga wa nyota changa zinawaka. Wimbi la mshtuko la supanova, yaani mlipuko wa nyota, huwa linazivunja hizo molekuli. Kwa hiyo ukikuta mikroni 8 hafifu, mikroni 24 ya wastani, afu redio kali, hapo una sababu ya kushuku masalia. Ukikuta mikroni 8 na 24 zote zinawaka na redio ni ya kawaida, hilo ni wingu la nyota, endelea na safari. Na ukikuta kiduara kidogo kinachoonekana mikroni 24 tu na kwingine hakipo kabisa, usirukie, Spitzer ilikuta zaidi ya 400 ya namna hiyo kwenye bapa la galaksi yetu na vingi ni maganda ya nyota zinazokufa kwa utulivu, hazijalipuka.

Na usikate tamaa ukitafuta masalia unayoyajua kwenye orodha ukayakosa. Orodha inayotunzwa na Green wa Cambridge ina zaidi ya masalia 300 ya galaksi yetu, na mengi yaligunduliwa kwa redio. Walipoyatafuta 95 kwenye picha za Spitzer za mikroni 3.6 mpaka 8, waliyaona wazi 18 tu. Mengine yapo, ila yamezama kwenye vurugu za mawingu yaliyo mbele na nyuma. Ukikosa, andika umekosa, hilo nalo ni jibu.

Kuna na uchafu wa vyombo wenyewe. Nyota kali kwenye WISE inaacha mduara wa ukungu kuizunguka, kwenye Webb inatoa miiba nane, sita mikubwa na miwili midogo, na nyota iliyozidi ukali inaweza kuwa na shimo jeusi katikati, ni pikseli zimejaa. Kanuni yangu ni kwamba kitu chochote kilichojipanga vizuri kuizunguka nyota kali ni cha chombo mpaka kithibitike vingine. Angalia pia ukali wa picha, WISE kwenye mikroni 22 haioni kitu kidogo kuliko sekunde 12 za digrii wakati Webb kwenye mikroni 21 inashuka mpaka chini ya sekunde moja, kwa hiyo kabla hujalinganisha hizo mbili, ile ya Webb itie ukungu kwanza ipoteze ukali wake, DS9 inaweza, la sivyo utaona tofauti ambazo hazipo.

Ukitaka namba na sio picha tu, chora eneo kuzunguka masalia, chora lingine pembeni kwenye anga tupu, toa la pili kwenye la kwanza. Bila kutoa hilo la pembeni namba yako haina maana, kwa sababu vumbi la galaksi linang'aa kila mahali. Data za Spitzer na Webb zinakuja kwa MJy (megajanski, kipimo cha mwanga) kwa steradiani (kipimo cha eneo la anga), ukizidisha kwa eneo la pikseli (kwa Webb limeandikwa kwenye kichwa cha faili, PIXAR_SR) unapata nguvu ya mwanga.

Sasa wale wenye darubini na wanataka kupiga wenyewe. Inawezekana, ila kwenye mlango tu wa infraredi. Kamera za silikoni zinaona mpaka kama mikroni 1 basi, na kamera ya kawaida imewekewa filta ya kuzuia infraredi, lazima itolewe, au utumie kamera ya anga ya rangi moja isiyo na filta hiyo. Weka filta inayopitisha kuanzia nanomita 850. Shabaha ni moja, Nebula ya Kaa, M1, iliyolipuka 1054, miaka nuru 6,500 kutoka hapa. Ukiijua Kilimia hutapotea, iko kwenye kundinyota hilohilo la Ng'ombe, jirani na ncha ya pembe, na inakaa vizuri jioni za Desemba na Januari. Piga picha nyingi fupi fupi, uziunganishe, afu piga tena kwa filta nyekundu ya kawaida ulinganishe. Kwenye nyekundu vinatawala vinyuzi vya hidrojeni. Kwenye infraredi hidrojeni inapotea, unabaki na ule mwanga laini wa elektroni pamoja na vinyuzi vya salfa. Ule mwanga laini unaendeshwa na nyota ya nyutroni inayozunguka mara 30 kwa sekunde, na ungeweza kuifuata sinkrotroni hiyohiyo mpaka kwenye picha za Webb za 2023, inaonekana kama moshi ndani ya kizimba.

Nimeacha la mwisho makusudi, ni zoezi gumu kidogo. Rudi Cas A, lakini safari hii usiangalie masalia, angalia mawingu yaliyo nje yake. Ule mwako wa mlipuko bado unasafiri, kila unapofika kwenye vumbi unalipasha kidogo linang'aa, afu unapita, ni mwangwi ila wa mwanga. Spitzer ilipiga eneo hilo 2003 ikapiga tena 2004 kwa mikroni 24, na mwangwi huohuo ndo uliowawezesha wanaastronomia kuuchukua mwanga wa mlipuko karne tatu baadaye na kutangaza 2008 kuwa mlipuko ule ulikuwa wa aina ya IIb, yaani wa nyota kubwa iliyokuwa imebakiwa na hidrojeni kidogo tu. Webb nayo ilipiga mwangwi wa Cas A mara tatu mwaka 2024. Pakua picha mbili za Spitzer za tarehe tofauti, zilinganishe koodineti, weka blinki. Kwa umbali ule mwanga ukienda pembeni mwaka mmoja ni kama sekunde 19 za digrii, na Spitzer inaona mpaka sekunde 6, kwa hiyo kutikisika kutaonekana. Nyota zitatulia palepale, mawingu yataruka.